Wapeni watoto vipande saba: barua ya wazi kuhusu jometri ya madarasa ya mwanzo

Kwa waandaaji wa mitaala ya hisabati, watunzi wa mitihani, wakaguzi wa shule na wakuu wa vyuo vya ualimu.

Waheshimiwa,

Nafundisha hisabati watoto wa miaka sita na saba. Nawaandikia kuhusu mada moja tu ya somo hilo, mada ya maumbo, ambayo katika mihtasari mingi huwekwa mwishoni, hupewa vipindi vichache, na huwa ya kwanza kurukwa muda unapobana. Ninachoomba ni kwamba mada hiyo ifundishwe kupitia mikono ya watoto wenyewe, na kwamba tangramu, ule mraba uliokatwa vipande saba, iingizwe rasmi kwenye muhtasari, kwenye kiongozi cha mwalimu na kwenye upimaji. Kwa sasa, pale inapopatikana, hukaa kwenye boksi nyuma ya darasa na hupewa watoto waliomaliza kazi mapema. Hao ndio wanaoihitaji kidogo kuliko wenzao wote.

Tazameni kwanza tunachokifanya leo. Mwalimu anabandika chati yenye maumbo manne: duara, mraba, mstatili, pembetatu. Anagusa kwa fimbo, darasa linaitikia. Siku nyingine watoto wanapaka rangi maumbo hayohayo kwenye daftari. Mtihani ukifika, maumbo ni yaleyale na yamekaa vilevile, mtoto anaandika majina, anapata zote, na kila mtu anaridhika. Sasa ichukueni pembetatu ileile muigeuze ncha itazame chini, au ivuteni iwe ndefu na nyembamba, kisha muwaulize tena. Wengi watasema hiyo siyo. Uinueni mraba usimame kwa kona yake moja, na watoto waliouita mraba asubuhi watawaambia umekuwa tiara. Watoto hawa wana akili timamu kabisa. Wamejifunza tulichowafundisha, picha moja iliyokaa namna moja, pamoja na jina lake.

Hali hii haipo kwenye darasa langu peke yake. Mwaka 1999 Douglas Clements na wenzake walichapisha utafiti kuhusu jinsi watoto wa miaka 3 hadi 6 wanavyotambua maumbo. Duara halikuwapa shida, mraba nao haukuwasumbua sana, lakini kwenye pembetatu na mstatili walijikwaa zaidi. Sababu mojawapo naiona wazi kila ninapofundisha: duara ulizungushe utakavyo, litabaki na sura ileile, wakati pembetatu ina sura chungu nzima na chati imeonyesha moja tu.

Waliolieleza jambo hili vizuri kuliko wote, kwa maoni yangu, ni mume na mke waliokuwa walimu wa hisabati nchini Uholanzi, Pierre van Hiele na Dina van Hiele-Geldof, katika tasnifu zao za mwaka 1957. Walisema mtu hupanda ngazi katika kufikiri kuhusu maumbo. Kwenye ngazi ya kwanza analitambua umbo kwa sura yake nzima, kama anavyomtambua jirani kwa uso wake. Kwenye ngazi ya pili anaanza kuona sifa: hili lina pande nne, pembe zake zote ni pembe mraba, pande zinazotazamana zinalingana. Kwenye ya tatu anazihusisha sifa hizo, na hapo ndipo anapoweza kukubali kwamba mraba nao ni mstatili. Zipo ngazi za juu zaidi, ila hizo ni za wakubwa.

Katika maelezo yao kuna mambo mawili ambayo ningependa kila mwandaaji wa muhtasari ayaweke mbele yake. La kwanza ni kwamba umri peke yake haumpandishi mtoto ngazi. Kinachompandisha ni kile anachokifanya na kukisema darasani, na asipopewa nafasi hiyo anaweza kukua akawa mtu mzima bado yuko ngazi ya kwanza. La pili ni kwamba mwalimu aliye ngazi ya juu na mtoto aliye ya chini wanaweza kutumia neno moja wasielewane hata kidogo. Mwalimu akitamka "mraba" ana maana ya pande nne zilizo sawa na pembe mraba nne. Mtoto akilisikia neno hilo anakiona kile kibandiko chekundu kilichoko ukutani. Kumrudishia neno mara kumi hakuliondoi pengo hilo. Linaanza kuondoka mtoto anaposhika umbo, akalizungusha, akaliweka juu ya jingine, akaona limezidi au limetosha, na akalazimika kumweleza mwenzake kwa nini. Pierre van Hiele mwenyewe, katika makala yake ya mwaka 1999, alisisitiza kwamba kufikiri huku kuanzie kwenye mchezo wa kupanga vipande.

Hapo ndipo tangramu inapoingia. Ina vipande saba: pembetatu kubwa mbili, ya kati moja, ndogo mbili, mraba mmoja na msambamba mmoja, yaani pembenne iliyoinama ambayo pande zake zinazotazamana ziko sambamba. Sheria ni kutumia vipande vyote, vilale bapa, kisipande kimoja juu ya kingine. Ilitoka China, ambako vitabu vya mafumbo yake vilikuwa vimeshachapwa mwaka 1813, na katika miaka michache iliyofuata ikawa inachezwa Ulaya na Marekani. Naomba viongozi vya mwalimu visirudie hadithi kwamba ina umri wa miaka 4,000. Hiyo ilibuniwa na Mmarekani Sam Loyd mwaka 1903, na mpaka leo bado inanakiliwa na watu wasioichunguza. Tunapowafundisha watoto kuuliza "umejuaje?", tusiwape uongo kwenye ukurasa wa kwanza.

Jambo jingine ninaloliomba ni kwamba vipande hivi vikatwe na watoto wenyewe, angalau mara moja, kabla ya kupewa vya plastiki au vya mbao. Nitaeleza kwa urefu kwa sababu ukataji wenyewe ni somo, na kwa sababu nataka mjaribu.

Chukueni karatasi ya mraba. Ikunjeni kona kwa kona, mkate kwenye mkunjo, mtapata pembetatu mbili zilizo sawa. Moja ikunjeni nusu kwa nusu na kuikata: hizo ndizo pembetatu kubwa mbili za seti. Ile ya pili ishikeni kwenye kona yake yenye pembe mraba, muikunje mpaka ncha iguse katikati ya upande mrefu unaotazamana nayo, kisha mkate. Kilichotoka ni pembetatu ya kati, kilichobaki ni trapeza, yaani pembenne yenye pande mbili tu zilizo sambamba. Ikunjeni trapeza katikati, ncha kwa ncha, mkate, mpate nusu mbili. Katika nusu ya kwanza, ileteni ncha kali iguse kona ya pili ya upande wa chini, mkate kwenye mkunjo: mmepata mraba na pembetatu ndogo. Katika nusu ya pili, ikunjeni ile kona ya chini yenye pembe mraba ifike kwenye kona pana iliyo juu, mkate: mmepata msambamba na pembetatu ndogo ya pili. Vimetimia saba, bila rula na bila kipimo chochote.

Katika kazi hiyo mtoto ametumia nusu, katikati, kona, upande mrefu, pembe mraba, na ameyatumia kwa sababu bila kuyatumia mkasi usingejua pa kupita. Kisha mwambieni avirudishe vipande viwe mraba kama mwanzo. Darasa litanyamaza kwa muda mrefu kuliko mnavyotarajia. Hata watu wazima jambo hili huwatoa jasho, na mtoto anayelifanikisha kabla ya mwalimu wake hakumbuki siku nyingine ya hisabati kwa furaha kama hiyo.

Sasa niwaonyeshe kitu kimoja kwa karibu, kwa kuwa ndicho kilichonifanya niione tangramu kama jometri yenyewe. Ukiwauliza watoto wa miaka saba kipi kikubwa kati ya mraba na msambamba wa seti hii, wengi watachagua msambamba, kwa kuwa ni mrefu. Ukiwaongezea pembetatu ya kati, wataanza kubishana. Niliwahi kuwakalia wawili waliokuwa wakibishana hivyo, mmoja akishikilia kwamba msambamba ni mkubwa, "angalia unavyofika mbali." Mwenzake hakujibu. Alichukua pembetatu ndogo mbili akazilaza juu ya mraba, zikaujaza sawasawa. Akazihamisha, akahangaika nazo kidogo, zikaujaza msambamba. Akazihamisha tena zikaijaza pembetatu ya kati. Yule wa kwanza akanyamaza, akazichukua yeye mwenyewe akarudia yote matatu tangu mwanzo, polepole, kama mtu anayehesabu fedha alizopewa. Kisha akasema: "Mwalimu, ni zilezile!"

Katika dakika hizo mtoto huyo amekutana na eneo, kabla hajasikia neno eneo wala kuona kanuni ya urefu mara upana. Amejua kwamba vitu vitatu visivyofanana sura vinaweza kuwa na ukubwa mmoja, na amejua kwa njia ambayo hakuna mtu atakayemnyang'anya, kwa sababu ameithibitisha kwa mikono yake. Akiendelea ataona kwamba pembetatu kubwa moja inajazwa na ndogo nne, na kwamba mraba mzima wa mwanzo unabeba pembetatu ndogo 16. Basi ndogo ni 1/16 ya yote, mraba, msambamba na pembetatu ya kati kila kimoja ni 1/8, na kila pembetatu kubwa ni 1/4. Mada ya sehemu, ambayo tunaifundisha kwa kupaka rangi vipande vya duara na watoto wanaitapika mwezi unaofuata, imekaa humu ndani tayari, tena kwa sehemu ambazo hazifanani sura. Hilo la mwisho lina uzito wake. Mtoto aliyezoea kuona robo za duara tu huamini kwamba sehemu zilizo sawa lazima zifanane umbo.

Kuna hatua nyingine inayofaa watoto wa miaka minane au tisa. Wapangieni nusu moja ya mraba kwa zile pembetatu kubwa mbili, na nusu nyingine kwa vipande vitano vilivyobaki. Kila nusu ni pembetatu. Sasa waihamishe nusu moja, waiunganishe na nyingine upande mfupi kwa upande mfupi: mraba umegeuka pembetatu moja kubwa, au msambamba, kutegemea wameiunganisha vipi. Tena waiache nusu ya vipande vitano katikati, upande wake mrefu ukiwa chini, na wazibandike zile pembetatu kubwa mbili kwenye mabega yake, moja kila upande. Ni mstatili ambao urefu wake ni mara mbili ya upana. Hakuna kipande kilichoongezwa wala kilichotolewa, kwa hiyo eneo halijabadilika. Halafu wapeni uzi wazungushie kila umbo. Kama mraba wa mwanzo ulikuwa na upande wa sentimita 20, uzi wa mraba utakuwa sentimita 80, wa mstatili karibu 85, na wa pembetatu karibu 97. Ukubwa mmoja, mizingo mitatu. Kuchanganya eneo na mzingo ni kosa linalowafuata wanafunzi mpaka sekondari, nasi huwa tunalishughulikia kwa kuwapa kanuni mbili na kuwaambia wasizichanganye.

Msambamba nao una funzo lake. Vipande vingine vyote vinaweza kufika popote kwa kuzungushwa tu. Huu pekee, katika baadhi ya mafumbo, unakataa mpaka uupindue, tumbo liwe mgongo. Mtoto anayeuzungusha na kuuzungusha, halafu ghafla anaupindua, amegundua tofauti kati ya kuzungusha na kuakisi, na ni rahisi kumwongoza kutoka hapo hadi kwenye ulinganifu wa maumbo.

Sitaki kuwaficha udhaifu wa zana hii, kwa sababu zana ikisifiwa kupita kiasi walimu huichoka upesi. Pembe zake zote ni za nyuzi 45, 90 na 135, basi. Hakuna pembetatu yenye pande zote tatu sawa, hakuna duara, hakuna upande uliopinda. Mtoto asiyeona kingine ataamini kwamba kila pembetatu ina pembe mraba. Kwa hiyo ziwepo pia kadi za pembetatu za kila namna, vijiti vya kuunganisha, na maumbo ambayo karibu yawe pembetatu lakini upande mmoja umepinda au kona moja haijafunga, ili mtoto aseme kwa nini anayakataa.

Udhaifu wa pili ni wetu sisi walimu. Tunagawa michoro ya paka, bata na mtu anayekimbia, watoto wanajaza vivuli, wanafurahi, kipindi kinaisha. Hapo wamecheza tu. Fumbo la paka halifundishi jometri mpaka mtu aulize. Kwa nini umekiweka kipande hiki hapa? Ungeweza kutumia kingine? Sikio hili lina pembe gani? Ukiitoa pembetatu kubwa moja, nini kitajaza nafasi yake? Maswali ya namna hiyo ndiyo yanayomtoa mtoto ngazi ya kwanza, na kiongozi cha mwalimu lazima kiyaandike wazi, pamoja na majibu ambayo watoto huwa wanayatoa na njia ya kuyafuata. Michoro nayo ipangwe kwa ugumu: kwanza yenye mistari ya ndani inayoonyesha kila kipande, kisha yenye mistari michache, mwisho kivuli kitupu. Mtoto akianzishiwa kwenye kivuli kitupu anakata tamaa, na tunamwandika kwamba hana kipaji.

Kuhusu kipaji hicho, nina neno. Bado nasikia kwenye semina zetu kwamba kuna watoto "wanaoona maumbo" na wasioyaona, na kwamba hilo ni la kuzaliwa nalo. Mwaka 2013 David Uttal na wenzake walikusanya tafiti 217 kuhusu uwezo wa kufikiri kwa maumbo na nafasi, wakahitimisha kwamba uwezo huo unakua kwa mazoezi, kwa watoto na kwa watu wazima, na kwamba unadumu baada ya mazoezi kuisha. Mtoto ambaye nyumbani hakuwahi kupewa cha kupanga wala cha kujenga, shule ndiyo nafasi yake. Tukiiruka mada hii, tunamwachia pengo ambalo hakulitengeneza.

Kwa watoto wasioona, na kwa wenye uoni hafifu, vipande vikatwe kwenye ubao mnene na viwe na fremu yenye kingo ambayo mraba unakaa ndani yake. Vidole vinapima kona na upande vizuri kabisa. Chati ya ukutani haina la kumwambia mtoto huyo. Hii ni mojawapo ya mada chache za hisabati ambapo mtoto asiyeona na anayeona wanaweza kukaa meza moja na kubishana kwa usawa.

Kompyuta ndogo za mkononi zina programu za tangramu, na sina ugomvi nazo kwa watoto waliokwisha kushika vipande halisi. Ila nyingi zinakinasa kipande mahali pake kikikaribia tu, na zinakizungusha kwa kubonyeza. Hukumu ya "kimetosha au hakijatosha", ambayo ndiyo kiini cha kazi yote, inafanywa na mashine. Kwa wanaoanza, karatasi ngumu ni bora, na inapatikana popote penye boksi tupu.

Sasa niseme na watunzi wa mitihani. Mwalimu hufundisha kile anachojua kitaulizwa, nami simlaumu, kwa sababu yeye ndiye anayeitwa ofisini matokeo yakishuka. Mkiendelea kuuliza "taja jina la umbo hili" chini ya picha ileile, tangramu itabaki kwenye boksi hata muhtasari ukiandika nini. Yapo maswali ya karatasini yanayowezekana kabisa. Chora mraba, kando yake pembetatu ndogo, uliza ni pembetatu ngapi kama hiyo zitaujaza. Mpe mtoto pembenne, achore mstari mmoja utakaoigawa iwe pembetatu mbili, kisha mwingine utakaotoa pembetatu na trapeza. Weka kundi la pembetatu zilizolala, zilizopinduka, nyembamba na nene, uchanganye na maumbo mawili ya uongo, aziwekee alama zile za kweli. Pale ambapo mwalimu anapima mwenyewe darasani, ampe mtoto vipande vitatu, aone anaunda nini na anaelezaje. Dakika tano za namna hiyo zinamwambia mwalimu mengi kuliko ukurasa mzima wa majina.

Na wakaguzi. Mmoja aliwahi kuingia darasani kwangu watoto wakiwa wamekaa sakafuni wawili wawili, vipande vimetapakaa, sauti zimepanda. Aliutazama ubao, ulikuwa mtupu, akaniuliza somo litaanza saa ngapi. Fomu yake ilikuwa na nafasi ya matumizi ya ubao, usafi wa daftari na utulivu wa darasa. Haikuwa na nafasi ya kuandika kwamba wakati huohuo, hatua mbili kutoka alipokuwa amesimama, msichana mmoja alikuwa anamwonyesha mwenzake kwamba ncha mbili kali za pembetatu zikikaa pamoja zinatoa kona ya mraba. Nilipewa alama za chini, na hilo nimelimeza. Linalonikera ni kwamba walimu vijana wanaoona alama kama hizo hurudi kwenye chati na fimbo, kwa sababu chati na fimbo havina hatari. Badilisheni fomu. Wekeni nafasi ya kuandika watoto wanasema nini kuhusu wanachokifanya.

Wakuu wa vyuo vya ualimu, mwalimu hawezi kumpa mtoto furaha ambayo yeye hajaionja. Wanachuo wengi huja kwenu wakiwa bado wanaamini kwamba mraba si mstatili, na huondoka wakiamini hivyo, kwa sababu chuoni wanajifunza jinsi ya kuandika andalio la somo la maumbo wala hawagusi umbo. Wapeni fumbo la ngazi yao. Mwaka 1942 Fu Traing Wang na Chuan-Chih Hsiung walithibitisha kwamba kwa vipande vyote saba maumbo yasiyo na kona iliyobonyea ndani yanayoweza kuundwa ni 13 tu: pembetatu moja, pembenne sita, pembetano mbili na pembesita nne. Waambieni wanachuo wayatafute yote 13, kwa makundi, wiki nzima, na kila kundi lieleze limejuaje kwamba mawili yaliyopatikana si lilelile lililogeuzwa. Mwalimu aliyepita hapo hatamharakisha mtoto, na hataogopa darasa linalobishana.

Waandaaji wa mitaala, ninayowaomba hayahitaji mradi mkubwa. Toeni mada ya maumbo mwisho wa mwaka, iwekeni mapema, na muirudie kila muhula kidogo kidogo, kwa kuwa ngazi hazipandwi kwa wiki moja. Punguzeni orodha ya majina ya kukariri katika mwaka wa kwanza. Matano yanatosha mtoto akiyajua kwa sifa zake. Andikeni waziwazi kwamba kila mtoto au kila watoto wawili wawe na seti waliyoikata wenyewe. Katika vitabu vya kiada, ondoeni zile pembetatu zote zilizokalia upande wa chini na kilele katikati. Zichoreni zimelala, zimeinama, zimesimama kwa ncha. Hilo la mwisho linahitaji tu mchoraji aambiwe.

Kikao chenu kijacho cha mapitio kikifika mada hii, wapeni wajumbe karatasi ya mraba na mkasi kila mmoja, wakate kama nilivyoeleza, wavichanganye vipande, kisha waurudishe mraba kabla ya kupiga kura. Na kama mnahitaji darasa la kujaribia lolote kati ya haya, langu liko tayari. Kipindi cha hisabati ni cha kwanza asubuhi. Njooni bila taarifa, kaeni sakafuni pamoja nao, na muwaulize wao.

Wasalaam,

Mwalimu wa madarasa ya mwanzo